Mita Alizonificha Riziki

Jumatano, 6 Machi 2019

Kasha la kuzamia na kamera limelala ndani ya beseni la maji tangu asubuhi. Mahali pa kamera nimeweka karatasi ya chooni. Ikilowa, kuna sehemu inavuja. Saa nane nimefungua: kavu. Nimelizamisha tena na kuweka matofali mawili juu. Binti yangu Riziki amecheka, amesema mara moja inatosha. Haitoshi.

Wateja wawili wamekuja karakana na vifaa vyao vya kupumulia majini, nivitengeneze. Nimewaambia warudi wiki ijayo. Wiki hii ni ya mwanangu.

Karatasi yake ya kusafiria ilitoka Pretoria baada ya miezi kumi na moja. Sisi wakimbizi tunangoja mpaka tunasahau tulikuwa tunangoja nini. Sasa anaenda visiwa vya Karibi, wiki mbili, na kundi la wazamiaji matajiri wa Sandton, hapa Johannesburg. Anaenda kama msaidizi: kubeba mitungi ya hewa, kuwahesabu wakitoka majini, kuwapiga picha. Ana miaka ishirini na mmoja. Mimi katika umri huo nilikuwa chini ya ziwa Tanganyika na mpira wa hewa wa kompresa mdomoni, nakamata samaki wa mapambo wa kupelekwa Ulaya. Nimemsimulia mara mia. Hadithi anayoipenda zaidi ni ile ya mita arobaini.

Nina furaha. Naandika hapa nisije nikakana baadaye.

Jumamosi, 9 Machi

Uwanja wa ndege. Robot zote za Doornfontein, taa za kuongoza magari, zilikuwa zimezimika, nusura tuchelewe.

Kobus, mwenye shule ya kuzamia, ndiye anayewaongoza. Amenishika mkono kwa nguvu, amesema atamtazama Riziki kama binti yake. Mama Riziki amelia. Mimi nimekagua skrubu za kasha mbele ya watu mpaka binti ameona aibu.

Kisha, akiwa tayari kuingia, ndipo ameniambia alichokuwa hajakisema nyumbani. Huko kuna kisamaki kidogo kama kidole gumba, mistari ya rangi ya chungwa na zambarau, kinajificha kwenye mapango ya ukuta wa matumbawe. Kobus ameahidi: atakayekipiga picha safi atakuwa mpiga picha wa shule yake. Kazi ya kudumu, yenye mkataba. Nimeuliza kinakaa mita ngapi.

"Si chini sana, Papa."

Huwa ananijibu kwa Kiingereza. Mimi namwandika kwa Kiswahili, maana daftari ni langu.

Jumanne, 12 Machi

Picha zinafika wakati huku sisi tumelala. Alfajiri nimezikuta arobaini na sita kwenye kompyuta. Kasa. Taa amelala kwenye mchanga, macho tu yako nje. Mkunga wa kijani, mdomo wazi. Mtoto ana mkono mtulivu kuliko wangu.

Nimemwita Mbwana, fundi cherehani wa mlango wa pili, mtu wa Tanga. Mimi najua samaki wa ziwa, majina ya baharini amenifundisha yeye. Amesonta skrini: pono, kitatange, mzia. Anasema ni wale wale wa kwao, wamebadilisha mashati tu. Nimecheka mpaka nimemwaga chai.

Kazi yangu ni kurudisha rangi. Maji yanakula rangi. Nyekundu inaliwa kwanza, mita tano au sita tu. Chungwa inafuata. Njano inavumilia kidogo. Ukifika thelathini kila kitu ni buluu na kijivu, hata damu yako utaiona kijani. Kwa hiyo Riziki ananitumia picha mbichi, nami naongeza nyekundu mpaka samaki arudi kuwa samaki. Na kwa kuwa ni mimi ninayeongeza, najua kiasi kilichopungua. Nikijua kilichopungua, najua mita. Hizi za leo ni kumi, kumi na mbili. Nimeridhika.

Alhamisi, 14 Machi

Hakuna umeme saa sita hadi saa nane. Picha nimeziona jioni.

Ukuta wa matumbawe. Unashuka mpaka gizani. Picha ishirini zina mita kumi na nane. Mbili zina zaidi. Hizo mbili nimekaa nazo sana.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemwandikia: umeshuka ngapi jana? Jibu: kumi na nane.

Labda macho yangu.

Jumapili, 17 Machi

Si macho yangu.

Mmoja wa wateja amempiga Riziki picha akiwa kazini, bila flashi, naye bila kufikiri amenitumia pamoja na zake. Anaonekana kwa nyuma, kamera mbele ya uso, ameingiza kichwa kwenye pango. Mapezi yake ya miguuni ni ya njano, nilimnunulia mimi. Katika picha ni kijivu. Njano haifi kumi na nane. Haifi hata ishirini na tano.

Flashi inaweza kudanganya kilicho mbele yake. Maji ya nyuma haiyafikii. Nimerudi kwenye picha zote za jana na juzi, nimetazama nyuma tu. Thelathini na tano. Arobaini. Moja sitaki kuikisia.

Nimekosa kanisa. Mama Riziki amerudi amenikuta nimekaa palepale. Nimemwonyesha. Yeye hajui mambo ya rangi, lakini amenijua mimi miaka ishirini na tano, ametazama uso wangu na kukaa chini.

Naogopa.

Jumatatu, 18 Machi

Nimempigia saa kumi na mbili jioni, kwao ni adhuhuri. Alikuwa anakula, nyuma yake watu wanacheka. Nimemwambia mita zake zote, picha kwa picha. Aliacha kula. Nilifurahi kidogo kwamba nimemkamata. Upumbavu.

Kisha amesema, kwa sauti ya chini, bila hasira: "Wewe ulishuka arobaini, Papa. Bila saa ya kuzamia, bila mtungi, na mpira wa kompresa mdomoni. Umenisimulia mwenyewe. Ulipanda, ukala ugali."

Nilipaswa kusema yaliyobaki hapo hapo. Mlango ulikuwa wazi. Nikasema: "Nimekukataza."

Akasema sawa. Ile sawa ya watoto.

Nimekata simu kama mkubwa.

Jumanne, 19 Machi

Picha thelathini. Zote zina rangi. Nyekundu iko mahali pake, maji ya nyuma yamepakwa kijani cha juu juu, cha mita kumi. Kazi safi sana. Mtu mwingine asingegundua.

Amezirekebisha mwenyewe kabla ya kutuma. Ananificha kwa ufundi niliomfundisha mimi, kwenye kompyuta hii hii, kiti hiki hiki.

Sasa sijui yuko wapi.

Jumatano, 20 Machi

Nimempigia Kobus. Amesema yote yako chini ya udhibiti, wameambiwa thelathini ni mwisho, Riziki ni mzamiaji hodari kuliko wote. Ana sauti ya mtu mwema. Huenda ndivyo alivyo. Lakini ahadi yake haikuwa na mita ndani yake.

Mchana mke wangu ameacha ushonaji wake, amekuja karakana, amefunga mlango kwa ndani.

"Umuambie mutoto ukweli juu ya Asukulu. Leo, si kesho."

Asukulu ni mdogo wangu. Tulizamia pamoja. Riziki anajua kwamba aliuawa vitani na askari. Kila mtu Johannesburg anajua hivyo. Ofisi ya wakimbizi inajua hivyo, maana niliandika kwenye fomu. Vita ilikuwa kweli. Nyumba yetu ilichomwa kweli. Lakini watu wa foleni walinishauri niongeze maiti, faili liwe zito, nami maiti nilikuwa naye tayari. Nikabadilisha kilichomuua tu. Baadaye nilimsimulia binti kama nilivyoandika, ili siku akiulizwa maneno yetu yafanane. Makaratasi yake yamejengwa juu ya uongo huo. Na amekua akiamini kwamba maji hayakutufanya kitu.

Nimeshika simu saa nzima. Nimeandika, nimefuta. Kwanza, naogopa kuandika jambo hilo kwenye simu, likakaa humo milele. Pili, kwetu msiba hausemwi kwa simu. Mtu anaambiwa akiwa amekaa, kuna wa kumshika. Hata mama yangu alipofariki Kalemie, walinituma kwanza niende kwa binamu yangu Yeoville, binamu ndiye akaniambia.

Anarudi Jumamosi. Nitamwambia uso kwa uso, amekaa, mama yake yuko pembeni. Siku tatu.

Mke wangu amesema: "Mficha maradhi, kifo kitamwumbua." Akafungua mlango akatoka.

Alhamisi, 21 Machi

Sikukuu. Karakana imefungwa, nimekuja tu. Nimepanga spana kwa ukubwa. Nimezipanga tena.

Kobus amepiga saa moja kasoro jioni. Alikuwa anakimbia maneno. Nimemwambia aseme polepole, Kiingereza changu kinazima nikiogopa. Riziki amepanda haraka. Alibaki kwenye pango muda mrefu kuliko waliopanga, hewa ikamwishia, akapitiliza vituo vyote, pale mzamiaji anaposubiri njiani akipanda ili mwili usiumie. Kwenye boti alikuwa anaongea vizuri. Alivua mtungi mwenyewe. Dakika kumi baadaye akasema miguu imekufa ganzi.

Nimeuliza miguu yote miwili. Amesema yote miwili.

Nimekaa sakafuni.

Ijumaa, 22 Machi

Wamemweka kwenye chumba cha chuma. Wanamkandamiza kwa hewa kana kwamba yuko chini tena, halafu wanampandisha kidogo kidogo. Saa tano au sita kwa siku. Daktari ameongea nami kwa upole, ameuliza kama nimeelewa. Nimeelewa kuliko anavyodhani.

Naandika sasa, maana sina mwingine wa kumwambia na yule aliyestahili hakuambiwa.

Tulikuwa tunamkamata samaki mwenye nundu kichwani. Anaishi chini sana. Ukimleta juu mara moja, tumbo linavimba, macho yanatoka, anakufa. Mnunuzi hataki samaki aliyekufa. Kwa hiyo tulimtia kwenye kikapu, tukampandisha mita chache, tukafunga kamba, akalala hapo. Kesho tena mita chache. Siku ya tatu alifika juu mzima. Mnunuzi mwenyewe ndiye aliyetufundisha, alikuja na daftari na michoro. Juu ya watu hakutufundisha kitu. Hatukumwuliza.

Siku ile Asukulu alikuwa amemaliza. Kikapu kilikuwa kimefungwa mahali pake, samaki wanne ndani, wanasubiri siku zao. Yeye walimvuta kwa kamba, dakika moja tu. Alifika juu anacheka, akasema ana njaa. Tulipofika ufukweni alishindwa kushuka mtumbwini. Aliishi miezi minane mgongo kitandani. Mama alikuwa anamgeuza.

Samaki walifika Ulaya wote wanne.

Riziki hajawahi kusikia hata neno moja katika haya. Nilimsimulia mita. Sikumsimulia kupanda.

Jumapili, 24 Machi

Nimekwenda kanisani kwa sababu mke wangu ameniomba. Wamemwombea Riziki, wameimba. Baada ya ibada mzee mmoja wa kwaya amenishika bega na kusema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Alisema kunifariji, kwamba kosa si langu.

Nimemwambia mkuu mwenyewe hakusema. Hakunielewa. Nimeondoka bila kuaga, mke wangu amebaki anaomba radhi.

Simu ya Riziki imezimwa. Kobus anasema amelala sana na hataki kuongea na mtu. Sijui kama "mtu" ni mimi.

Jumanne, 26 Machi

Hakuna habari.

Alhamisi, 28 Machi

Mguu wa kushoto unasikia baridi ukiguswa na kijiko. Mama Riziki amepiga vigelegele jikoni, kisha ameingia chumbani akafunga mlango.

Wa kulia bado.

Jumatano, 3 Aprili

Kundi limesharudi Sandton zamani. Kobus amebaki kule na Riziki, hilo namshukuru, sitaki kuwa mwongo na hapa pia. Leo amenitumia picha. Sikuwa nimeiomba. Anasema Riziki ndiye aliyesema nitumiwe, mbichi, bila kuguswa.

Sikuifungua mpaka saa tisa. Nilitengeneza kwanza vitu viwili vya wateja, vibaya, itabidi nivirudie.

Ni kile kisamaki. Kimetoka nusu nje ya pango, kimegeuza jicho. Mistari yake imenyooka kama iliyopigwa rula, chungwa, zambarau, chungwa. Jicho lina duara la dhahabu na ndani ya jicho, ukikuza, inaonekana taa ya Riziki. Hakuna chembe ya mchanga majini. Alizuia pumzi ili kisamaki kisishtuke. Nimefanya kazi na picha za chini ya maji miaka kumi na tano, sijawahi kuona picha nzuri kama hii.

Hilo ndilo linaloniua. Ingekuwa mbaya ningeichukia.

Nimetazama nyuma ya samaki. Buluu tupu, inakwenda kwenye weusi. Hamsini na kitu. Ameniachia nione.

Kobus anasema kazi ni yake hata akirudi kwa magongo, atakaa ofisini kuchagua picha. Nimesema asante. Sijamwambia Mama Riziki. Ofisini. Mtoto wangu.

Ijumaa, 5 Aprili

Sijala. Mbwana ameleta wali na maharage ya nazi, ameweka mezani, amekaa mpaka nikala. Halafu ameondoka na sahani yake.

Jumamosi, 13 Aprili

Ameongea na mama yake kwa dakika ishirini. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Walipomaliza, mke wangu alininyooshea simu, lakini upande wa pili ulikuwa umeshakatwa. Madaktari wamemruhusu kupanda ndege. Anatembea hatua nne kwa magongo, ya tano anaanguka.

Nimejiandaa kumwambia. Nimejiandaa kama mtu anayekwenda mahojiano ya wakimbizi: nianze wapi, niseme nini, niache nini. Nikajishtukia hapo kwenye niache nini.

Jumanne, 16 Aprili

Amerudi. Amekonda, shingo imekuwa ndefu. Uwanjani amemkumbatia mama yake kutoka kwenye kiti cha magurudumu, mimi amenipa mkono. Ndani ya gari alitazama nje mpaka tulipofika. Mama yake alitangulia juu kutandika.

Lifti ya jengo letu ni mbovu tangu Januari. Tunakaa ghorofa ya nne. Kiti tumekiacha kwa mlinzi. Nimeinama, Riziki amepanda mgongoni kwangu. Mbwana alibeba sanduku na magongo, akatangulia. Mwanangu ni mwepesi. Miguu yake ilikuwa inagongana na mapaja yangu, haishiki.

Ghorofa ya pili pumzi iliniishia. Nimemketisha kwenye ngazi, nami nimekaa chini yake, nimempa kisogo. Nilikuwa nimepanga mezani, mama yake akiwepo, baada ya chakula. Nikaona nikisubiri tena nitasubiri maisha yote. Nimesema hapo hapo. Asukulu hakuuawa na askari. Nimemwambia kikapu, kamba, samaki wanne, siku tatu, dakika moja, miezi minane. Nimemwambia fomu. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, nilishangaa.

Alisikiliza yote. Kisha akauliza: "Nani alishika kamba?"

Nimemwambia: mimi. Mvua ilikuwa inakuja kutoka ng'ambo, nilitaka tuondoke. Nikavuta.

Hata humu ndani nilikuwa sijaandika. Tarehe ishirini na mbili niliandika "walimvuta". Hakukuwa na wao. Mtumbwini nilikuwa peke yangu.

Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alishuka na ndoo mbili, akatusalimu, tukamwitikia, akapita. Riziki akaniuliza kama mgongo unaniuma. Nikasema hapana. Amenyoosha mikono, nimemgeuzia mgongo, amepanda tena.

Ngazi zilizobaki nimezipanda bila kusimama. Mama yake alikuwa ameacha mlango wazi, chakula kiko mezani. Amekula kidogo. Sasa amelala.